Kigingi cha Libère

Kofia ya Libère Nahimana ilijulikana kilimani kabla ya jina lake. Ilikuwa kofia ya pama, pana kama ungo, na watu waliokuwa wakipalilia kwenye miteremko ya Ndera waliiona kwa mbali ikipanda njia ya kutoka Kabuga, ikiyumba kulia na kushoto, kwa sababu mwenyewe aliwahi kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi na mguu wake mmoja haukunyooka tena sawasawa. "Mrundi anakuja," waliambizana, na aliyetaka kupumzika akapata sababu ya kuegemea jembe. Libère hakuwa mtu wa kupita bila kusimama. Aliuliza hali ya mgonjwa, akaulizia ndama mpya, akatania, akataniwa, na jua likawa limepanda kabla hajafika alikokuwa akienda.

Alikuwa mwashi. Alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, kijana wa miaka ishirini na nne, akavuka mpaka kuingia Rwanda na nguo alizovaa, na tangu hapo mikono yake ilishika mwiko na timazi. Mkewe Alida alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Kiswahili mjini Bujumbura, mwuza mboga na ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kabuga, na walipanga vyumba viwili nyuma ya soko hilohilo. Nje walisema Kinyarwanda kama watu wote. Ndani walisema Kiswahili, hasa wakigombana, na majirani walipenda kusikiliza ugomvi wao ingawa wengi hawakuelewa nusu yake.

Mwashi aligeukaje kuwa mtu wa mabonde? Parokia moja ya upande ule ilimwajiri ajenge tangi la maji ya mvua. Siku moja vibarua wawili walishikana mashati kwa ajili ya koleo. Libère akawakalisha chini, akamsikiliza huyu, akamsikiliza yule, asimkatize mtu, mpaka wote wawili wakaona haya na kurudi kazini. Padri aliyaona yote hayo dirishani. Tangi lilipokwisha alimwita, akamwambia kwamba parokia inataka kulifufua bonde la Nyagafunzo, na mtaalamu wa kilimo amepatikana, ila hakuna wa kuzungumza na wenye mashamba.

"Mimi najua mawe, Padri," Libère alisema.

"Mawe hayajibu. Hawa watakujibu. Nenda ukazoee."

Nyagafunzo maana yake ni mahali pa mafunjo, lakini mwaka huo wa tisini na moja ungeweza kulipita bonde zima usione hata shina moja. Wazee walikumbuka mafunjo marefu kuliko mtu, maji meusi yaliyotulia chini yake, na korongo wenye taji waliotaga humo. Baadaye watu waliongezeka, mashamba ya juu yakagawanywa na kugawanywa tena, na bonde likachimbwa mitaro, likakaushwa, likalimwa viazi vitamu na maharage mpaka ukingoni mwa kijito. Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa ya ajabu. Kisha chemchemi ikaanza kufa. Kiangazi ilidondoka kidogokidogo kama jasho, na mvua zikija mafuriko yalishuka na kubeba matuta pamoja na viazi vyake.

Serikali ilikuwa imejaribu kwa njia yake. Bwana shamba wa zamani alikuja na filimbi. Jumamosi za umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo haikuwa ya hiari, alipuliza filimbi na watu wakapanda majani ya kuzuia udongo, na asiyetokea alitozwa faini. Viliporuhusiwa vyama vingi vya siasa, watu waliacha kwenda umuganda, na wengine waliyang'oa majani yale kwa furaha kabisa, kama mtu anayevua kiatu kilichombana siku nzima. Mvua iliyofuata ilishusha udongo mwekundu mpaka bondeni. Kwa hiyo Libère aliwakuta watu waliochoka kuamrishwa. Kaskazini kulikuwa na vita, barabarani kulikuwa na vizuizi, na karatasi yoyote mkononi mwa mgeni ilitia wasiwasi. Yaliyokifika kilima kile mwaka wa tisini na nne yana wasimulizi wake. Haya ni ya kabla, na watu wale wanastahili kukumbukwa pia kwa namna walivyoishi.

Mtaalamu aliitwa Cécile, msichana mrefu, mpole, aliyesomea kilimo na kukipenda. Katika mkutano wa kwanza alibandika ramani kubwa ya rangi kwenye ukuta wa shule akaeleza vizuri sana: ukanda wa kuachwa kila upande wa kijito ili mafunjo na matete yarudi, majani ya ng'ombe kwenye kingo za mashamba ya juu, na mivumu, ile miti ambayo zamani kila ua ulikuwa nayo, ipandwe kuzunguka chemchemi. Watu walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyepiga makofi.

Ndipo aliposimama Mzee Rugamba. Alikuwa na malisho makubwa kuliko ya mtu yeyote bondeni, pale pale kwenye chemchemi, na alisema kwa sauti ndogo iliyowafanya watu wanyamaze ili wasikie.

"Mwanangu, umesema vizuri," alimwambia Cécile. "Ila mimi nikiona shamba langu limo ndani ya karatasi ya mtu mwingine, sipati usingizi." Kisha akamgeukia Libère. "Na wewe, Mrundi. Unataka tupumzishe ardhi. Ya kwako itakayopumzika ni ipi? Shamba lako liko wapi?"

Watu walicheka. Libère naye alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, lakini njia yote ya kurudi Kabuga hakumsimamisha mtu.

Alida alikuwa akikaanga ndagala. Alimtazama mara moja tu.

"Wamekufanyia nini?"

"Wameniuliza shamba langu liko wapi."

"Ukajibu nini?"

"Nikacheka."

Alida aligeuza ndagala zake. "Sasa wamekosea wapi? Unakwenda kwa mtu aliyerithi kiraka kwa baba yake, unamwambia akipunguze, na wewe huna hata pa kuotesha bamia. Mimi ningekutoa mbio na mchi."

"Kwa hiyo niache?"

"Nani amesema uache? Nimesema wana haki. Kula."

Hakuacha. Yeye na Cécile walikubaliana kwamba ramani ibaki kabatini kwanza, na wao wapite nyumba kwa nyumba bila kuomba kitu. Walipita miezi. Cécile aliuliza maswali mafupi na kukaa kimya kusubiri majibu, jambo ambalo watu hawakulizoea kwa mtu aliyesoma, wakaanza kumpenda. Libère alikuwa na njia yake. Akiona ukuta umepasuka, alikoroga udongo akauziba huku akizungumza, na mazungumzo ya mtu anayefanya kazi hayamtishi mtu.

Hivyo ndivyo alivyojikuta jikoni kwa Pudentienne, mjane ambaye kilima kizima kilimwita Mama Régis kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama Régis alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu wa jembe na ulimi usiozunguka. Shamba lake lilikuwa jembamba, limelala kando ya kijito tangu mwanzo hadi mwisho. Libère alikuwa akirekebisha mafiga yake, naye alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyinyi mnautaka ukingo wa maji," alisema. "Ukingo huo ndio unaonilisha Julai na Agosti, wakati juu hakuna kitu. Niwape nini tena? Niwape watoto?"

"Sikuja kuchukua, Mama Régis. Nimekuja kuuliza."

"Basi nami nikuulize. Ungekuwa na shamba pale, ungeuacha ukingo?"

"Ningeuacha," Libère alisema.

Mama Régis alimtazama mpaka akaacha kusugua udongo. "Umejibu upesi mno. Mwenye shamba hajibu upesi hivyo."

Akaingia ndani, akatoka na jembe, akaliweka mbele yake. Kando ya shamba lake kulikuwa na kipande cha shemeji yake aliyehamia Kagugu kutafuta kazi. Kilikuwa kimelala bila mtu, magugu yamekifunika. Shemeji alikuwa amemwachia yeye akiangalie, na yeye hakuwa na mikono ya kutosha.

"Lima kiangazi hiki," alisema. "Halafu uje unijibu tena."

Libère alilichukua jembe kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike kidogo.

Siku ya kwanza alilima kwa fujo, akitaka kumaliza yote asubuhi moja, na mikono ya mwashi, migumu kama ilivyokuwa, ikatoka malengelenge mahali ambapo mwiko haukuwahi kugusa. Mama Régis alimcheka kutoka ng'ambo ya mtaro. Lakini siku ya pili, alipoinama na ule udongo mweusi wa bonde ukapanda hadi vifundoni, kitu kilimjia ambacho hakukitegemea. Alikumbuka harufu. Ilikuwa harufu ya shamba la baba yake, mahali ambapo hakuwa amepataja kwa miaka mingi, hata kwa Alida. Alisimama katikati ya kipande kile akivuta pumzi, na Mama Régis alipomwuliza kama anaumwa, alisema ni jua.

Alida alimletea marando ya viazi vitamu ya kupanda kutoka kwa wanawake wenzake wa sokoni, aina tatu, kila moja na sifa zake. Jioni ya kwanza alisema anapitia tu. Jioni ya pili alivua viatu. Mwezi wa Julai ulipofika walikuwa wakishuka pamoja kila Jumapili, na Libère alikuwa na matuta yaliyonyooka kuliko ya mtu yeyote Nyagafunzo, kwa kuwa aliyapima kwa kamba ya uashi. Watu walikuja kuyatazama. Alianza kusema mambo kama "udongo wa kwangu unashika maji" na "wa kwangu hautaki samadi nyingi," na Alida alimwacha aseme.

Huku mambo ya mpango yalikuwa yakisogea. Wenye mashamba wenyewe walikubali kulitembea bonde pamoja, kutoka chemchemi hadi kwenye daraja la miti, kila mmoja akieleza kipande chake. Hapa maji yalikuwa yakisimama. Hapa korongo walitaga, na mama yangu alitukataza kurusha mawe. Hapa mtaro wangu unakata shamba la jirani kila masika, najua, msinitazame hivyo. Cécile aliandika machache na kusikia mengi. Mwishoni waliafikiana kujaribu: vigingi vitapigwa kando ya kijito, pande zote mbili, hatua kumi kutoka majini, umbali uleule kwa kila mtu, na ndani ya vigingi hakutalimwa tena. Atakayepoteza ardhi atakuwa na haki ya kukata matete na majani yatakayoota hapo. Mzee Rugamba peke yake alisema anafikiri, na malisho yake yakaachwa bila kigingi.

Kigingi cha Libère kiliangukia katikati ya kipande chake. Nusu nzima, ile ya upande wa maji, ilikuwa ndani ya ukanda wa kuachwa. Humo mlikuwamo matuta mawili ya mwisho, yenye marando ya majani ya zambarau, ambayo yalikuwa yamepasuka juu kwa viazi vinavyonenepa.

Alikipiga kigingi hicho mwenyewe, watu wakiangalia, na alikipiga kwa nguvu.

Wiki hiyo hakula vizuri. Alishuka bondeni kila siku kwa visingizio. Alikaa kwenye mtaro akiyatazama yale matuta mawili, akajiambia kwamba Cécile huenda alipima vibaya, kwamba kijito chenyewe kimepinda, kwamba hatua nne si kitu kwa bonde zima. Na asubuhi moja mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya viazi, alishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa, akatembea nacho hatua nne kuelekea majini.

Alikuwa amekiinua ili akipigilie aliposikia ng'ombe akipumua. Pembe zilitokea kwanza ndani ya ukungu, kisha ng'ombe mwenyewe, kisha wengine, na nyuma yao Mzee Rugamba na fimbo yake.

"Umeamkaje, Mzee?" Libère alisema, kigingi mkononi.

"Nimeamka vizuri. Na kigingi kimeamkaje?"

"Kilikuwa kimelegea."

"Eee. Kikalegea mpaka kikatembea."

Mzee Rugamba alilitazama shimo la zamani, akamtazama mwashi, akalitazama shimo tena, na kicheko kikamshika. Alicheka bila sauti, mabega yakitetemeka, mpaka akajikalia hapo hapo juu ya tuta.

"Mzee, unakalia viazi vyangu," Libère alisema kabla hajajizuia.

"Vyangu!" Mzee alipangusa macho kwa upindo wa nguo. "Amesema vyangu! Mrundi amepata vyake!"

Alinyanyuka kwa shida, akajikung'uta, akawafuata ng'ombe wake. Hakusema kama atanyamaza wala kama atasema. Alitangaza jambo moja tu, bila kugeuka nyuma: Jumapili baada ya misa watu wote wa vigingi wakutane kwake.

Libère alirudi Kabuga akamkuta Alida akifunga mafungu ya mchicha. Alimweleza yote, amesimama, kama mtoto aliyevunja chungu. Alida hakucheka.

"Ulipokiinua, ulikuwa unafikiri nini?"

"Sikufikiri. Niliyaona yale matuta mawili nikasema haya hapana. Mengine yote sawa, lakini haya hapana."

Alida alifunga fungu jingine, akalinyunyizia maji. "Huo ndio wimbo wanaokuimbia wao mwaka mzima. Jumapili utasimama useme mwenyewe, kabla Mzee hajafungua kinywa. Mimi nitakuja na wewe."

"Watanifukuza."

"Wakikufukuza tutakwenda nyumbani. Nyumbani tunakujua."

Jumapili ua wa Mzee Rugamba ulijaa. Kulikuwa na pombe ya mtama na mirija, vigoda vya wazee, mikeka ya wanawake. Cécile alikaa na akina mama, uso umechoka. Mzee alipokuwa bado anawakaribisha, Libère alivua kofia akasimama.

"Kabla ya yote," alisema, akaigeuza kofia mikononi, akaanza tena. "Kabla ya yote. Nilisogeza kigingi changu. Mzee Rugamba alinikuta. Nimewaomba mtoe, na mimi mwenyewe nilishindwa kutoa matuta mawili, tena ya shamba la kuazimwa. Nimekuja kusema hivyo."

Kuku walisikika wakiparua nyuma ya zizi. Kisha Mama Régis akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka aliokuwa akiusuka:

"Ulisogeza hatua ngapi?"

"Nne."

"Nne tu?"

Libère hakuelewa. Mama Régis alikunja uso, akaukunjua, akapumua kwa nguvu.

"Mimi nilisogeza changu sita. Siku ileile mlipoondoka."

Mtu mmoja kwenye kona alikohoa. Alikuwa Kalisa, mwenye shamba la karibu na daraja, mtu wa kanisa aliyeheshimika sana. Alisema kwamba yeye hakusogeza. Mkewe ndiye aliyesogeza. Yeye alishika taa tu. Hapo ua ulilipuka kwa kicheko, na katika kicheko hicho vigingi vikaanza kutajwa, huyu mbili, yule tano, hadi ikaonekana kwamba bondeni hakukuwa na kigingi hata kimoja kilicholala mahali kilipopigwa.

Cécile alikuwa ameshika kinywa kwa mikono miwili. "Nimekuwa nikipima upya wiki nzima!" alisema. "Nilidhani kamba yangu imeharibika. Nilidhani mimi ndiye nimesahau kuhesabu!" Naye akacheka mpaka machozi, na akina mama wakampigapiga mgongoni.

Watu walipotulia, mmoja aliuliza vipi Mzee Rugamba, yeye alisogeza hatua ngapi.

"Mimi sikusogeza," alisema kwa sauti yake ndogo. "Mimi sikukubali kipigwe."

Mama Régis ndiye aliyesema kilichohitaji kusemwa. Aliweka mkeka kando. "Basi tusiendelee kudanganyana. Umbali uleule kwa kila mtu si haki. Hatua kumi kwangu ni nusu ya shamba. Hatua kumi kwa Mzee, ng'ombe wake hawatajua kama kuna kitu kimepungua. Mzee, nakuheshimu, lakini chemchemi iko kwako. Bila wewe sisi tunapanda matete ya kupamba."

Uso wa Mzee Rugamba uligeuka. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwambie hivyo katika ua wake. Alichukua fimbo, na watu wakadhani anawafukuza. Libère alisogea akachuchumaa karibu naye, mguu mbovu umenyooshwa kando. Alikaa tu hapo, kama alivyokuwa amekaa na wale vibarua wa koleo.

"Ng'ombe wangu watakunywa wapi?" Mzee aliuliza hatimaye. Hakumwuliza Mama Régis, alimwuliza Libère. "Mkinifungia chemchemi, watakunywa wapi?"

"Chini kidogo, Mzee. Nitakujengea mahali pa mawe, wakanyage pagumu wasivuruge maji. Mawe nayajua."

"Na majani yatakayoota pale kwangu?"

"Yako. Ukate wewe."

Mzee alivuta pombe kwenye mrija, muda mrefu. "Nitatoa hatua thelathini kuzunguka chemchemi," alisema. "Na mivumu nitaipanda kwa mkono wangu, nisiletewe watu wa filimbi."

Wiki iliyofuata walishuka tena wote, na safari hii walibishana kila hatua. Ukanda ulitoka mpana kwenye malisho ya Mzee, mwembamba kwenye vipande vya wajane na wenye watoto wengi, ukapanuka tena kwa Kalisa, ambaye mkewe alitazama pembeni wakati wote. Cécile aliichora ramani yake baada ya hapo, watu wakimsimamia begani na kumrekebisha. Kipande cha Libère kilihesabiwa miongoni mwa vidogo. Alirudishiwa hatua mbili kati ya zile nne, akazipokea bila kujifanya hazitaki.

Hizo mbili ziliokoa tuta moja. Lile jingine walilichimba yeye na Alida, jioni moja mawingu ya mvua yakikusanyika upande wa Kabuga. Viazi havikuwa vimekomaa vizuri. Libère alichimba taratibu, akitoa kimoja kimoja, akikipangusa udongo kwa kidole gumba kabla ya kukitia kikapuni. Alipofika mwisho alibaki amepiga magoti. Alida alipiga magoti kando yake, ingawa alikuwa amevaa kitenge chake kizuri.

"Baba yako alikuwa na viazi?" alimwuliza kwa Kiswahili chao.

"Alikuwa navyo. Vyeupe." Akachukua kiazi kimoja kikapuni. "Tuliondoka vikiwa ardhini."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia. Alimweleza na mengine, pale pale, mpaka matone ya kwanza yakaanza kuanguka na wakalazimika kukimbia, yeye na mguu wake, Alida na kikapu kichwani.

Mvua za mwisho wa tisini na mbili ziliwakuta wakipanda. Machipukizi ya mafunjo waliyatoa kwenye bonde la mbali, wakayabeba kwa vikapu. Mzee Rugamba alipanda mivumu kwa mkono wake kama alivyosema, na Libère alipojenga mahali pa kunyweshea, Mzee alikuja kila siku na kigoda, akakaa akimwelekeza mwashi mwenye miaka ishirini kazini namna ya kupanga mawe. Si yote yaliyokwenda vizuri. Mbuzi walikula mivumu miwili. Mtu mmoja wa ng'ambo alilima usiku ndani ya ukanda na ikawa kesi ya wiki tatu. Mafuriko ya Aprili yalibeba sehemu ya mafunjo, ikabidi yapandwe upya. Lakini maji yalishuka yakiwa mepesi kuliko mwaka uliotangulia, na matuta ya Mama Régis yalibaki mahali pake.

Kiangazi cha tisini na tatu chemchemi haikukauka. Haikuwa nyingi, ila iliendelea kutoka, nyembamba na safi, Julai yote na Agosti yote, na wanawake waliochota hapo waliacha kuamkia foleni. Na mwezi huo wa Agosti, adhuhuri moja, waliokuwa wakilima waliona korongo wawili wenye taji wakitoka kwenye mafunjo machanga, wakitembea kwa madaha juu ya matuta, na nyuma yao kifaranga cha rangi ya majani makavu kikijikwaa kwenye marando. Majembe yalisimama. Kalisa alivua kofia yake. Hakuna aliyepiga kelele mpaka ndege walipofika upande wa pili.

Mzee Rugamba aliletewa habari nyumbani, maana magoti yalikuwa yakimsumbua siku hizo. Alituma jibu kwamba korongo hao wanajua shamba lenye majani mengi ni la nani.

Mama Régis hakuridhika hata kidogo. Jumapili hiyo alimkamata Libère kwenye mtaro, akamwonyesha matete yaliyokuwa yameinamia upande wake.

"Yanavitia kivuli viazi vyangu. Nayakata."

"Kata yaliyoinama, yaliyosimama uyaache."

"Lile pale limeinama."

"Lile limesimama, Mama Régis."

"Simama hapa nilipo, halafu uniambie limesimama."

Libère alivuka mtaro, akasimama alipomwonyesha, akainamisha kichwa huku na huku. Alida alikuwa amekwisha jaza kikapu chake na kuketi kwenye nyasi, akila kiazi kibichi kwa kisu. Aliwatazama wawili wale wakibishana juu ya tete moja, akajua kwamba leo pia watafika Kabuga giza likiwa limeingia, akakata kipande kingine.